Mtaro Haukatiwi Utepe

Utangulizi

Miongoni mwa methali ambazo kila mwanafunzi wa shule ya msingi nchini Kenya huzikariri ni ile isemayo kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Tumeiandikia insha, tumeitungia visa na kuitolea maana ya juu na ya ndani. Ajabu ni kwamba watoto hao hao wakishakua na kukabidhiwa kalamu ya kuandikia bajeti, methali hiyo huwatoka kichwani kana kwamba ilikusudiwa mtihani tu. Anayetaka kuelewa hali ya barabara, mitaro, taa, masoko na mabomba ya maji katika miji na vijiji vyetu hana haja ya kwenda mbali. Aanzie hapo kwenye ufa usiozibwa.

Makala haya yanadhamiria kutetea hoja moja, nayo ni kwamba serikali ya mashinani yafaa kupimwa kwa muda ambao vitu ilivyojenga hudumu vikitumika, wala si kwa wingi wa vitu hivyo. Kwa kipimo hiki, mabaraza ya zamani yalishindwa, na kaunti zilizoyarithi zi katika njia iyo hiyo. Kiini cha kushindwa huko ni kwamba siasa yetu, sheria zetu za fedha na hata lugha yetu ya utawala huuenzi ujenzi na kuudharau utunzaji. Mtaro uliozibuliwa haukatiwi utepe, na kisichokatiwa utepe aghalabu hakitengewi fedha.

Tulikotoka

Si haki kuzilaumu serikali za kaunti kana kwamba tatizo hili lilizaliwa nazo. Kwa miaka mingi huduma za mashinani zilikuwa mikononi mwa mabaraza yaliyoendeshwa chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa, Sura ya 265 ya Sheria za Kenya. Yalikuwapo mabaraza ya jiji, ya manispaa, ya miji na ya kaunti, na wananchi waliyaita yote kwa jina moja fupi: kanju. Kufikia wakati yalipovunjwa baada ya uchaguzi mkuu wa Machi 2013, mabaraza hayo yalikuwa 175.

Katika miaka ya mwanzo ya uhuru, mabaraza ya kaunti yalisimamia elimu ya msingi, zahanati na barabara za mashambani. Sheria iliyopitishwa mwaka 1969 iliyapokonya majukumu hayo, na kuanzia Januari 1970 yakahamishiwa serikali kuu. Manispaa kubwa ziliachiwa yaliyo yao, lakini mabaraza ya mashambani yalibakia na masoko, machinjio, vituo vya magari na ushuru wa mazao. Athari za uamuzi huo zilikuwa kubwa. Barabara ilipita mlangoni pa mwananchi, ilhali mwenye mamlaka ya kuifukia mashimo alikaa katika ofisi ya wizara isiyofikika kwa miguu. Diwani, ambaye mwananchi alimjua kwa jina na kwa ukoo, hakuwa na la kujibu. Taratibu watu wakazoea kwamba kazi ya kanju ni kutoza ushuru sokoni na kuwafukuza wachuuzi barabarani. Fikira kwamba kanju ni mtunzaji wa mali ya wote ikafifia.

Mnamo 1998 Bunge lilipitisha sheria ya kuyahamishia mabaraza asilimia 5 ya kodi ya mapato ya taifa. Masharti ya fedha hizo yalikuwa mema. Baraza lililozitaka lilipaswa kuwasilisha hesabu zake na kuonyesha mpango wa huduma uliotokana na vikao vya wakazi. Hata hivyo, katika vikao hivyo wakazi waliulizwa wanataka wajengewe nini, na swali la namna hiyo lina majibu yake ya kawaida: darasa, kisima, daraja, choo cha soko. Ni nadra mtu kusimama katika mkutano wa hadhara na kusema kwamba anachotaka ni kile kilichopo kiendelee kuwapo. Mwaka 2003 ikaja Hazina ya Ustawi wa Maeneobunge, iliyotengewa asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali, na mbio za kujenga zikaongezeka kasi. Nani asiyekumbuka zahanati za miaka hiyo zilizopakwa rangi ya kupendeza na kuandikwa ukutani jina la hazina na la mheshimiwa, kisha zikakaa bila muuguzi wala dawa kwa kuwa aliyezijenga siye aliyepaswa kuziendesha?

Urithi wa Kaunti

Katiba iliyoidhinishwa na wananchi mwaka 2010 ilikusudia kuutibu ugonjwa huu kwa kurejesha mamlaka karibu na mwananchi. Jedwali la Nne la Katiba hiyo lilizikabidhi kaunti 47 majukumu yanayogusa maisha ya kila siku: barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho ya magari, masoko, maji na usafi, uondoaji wa taka pamoja na mitaro ya maji ya mvua. Kifungu cha 203 kikaweka sharti kwamba kaunti zisipewe chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, yakikadiriwa kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Nchi ikagawanywa katika wadi 1,450, kila wadi ikiwa na mwakilishi wake katika bunge la kaunti.

Lakini mrithi yeyote huanza kwa kuhesabu alichoachiwa, na hapa ndipo tulipojikwaa mapema. Kazi ya kuorodhesha mali na madeni ya mabaraza yaliyovunjwa ilipewa Mamlaka ya Mpito. Muda wa mamlaka hiyo ulikamilika mwaka 2016 kazi yenyewe ikiwa haijamalizika, ikabidi ihamishiwe kamati ya kitaalamu inayoshughulikia uhusiano baina ya serikali mbili. Kwa hivyo kaunti ziliendesha mali kwa miaka kadhaa pasipo kuwa na orodha kamili iliyokubaliwa ya vitu zilivyorithi. Waswahili walikwisha kutuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Asiyejua ana kalvati ngapi hawezi kujua ni ngapi zimeziba. Vilevile, asiyejua mwaka ambao bomba lilitandikwa hawezi kukisia litapasuka lini. Atangojea lipasuke, kisha atangaze dharura.

Kwa Nini Ujenzi Hupendwa Zaidi

Sababu ya kwanza ni ya kisiasa, nayo haihitaji maelezo marefu. Gavana na mwakilishi wadi hukaa madarakani kwa kipindi cha miaka mitano na hurudi kwa mpiga kura wakiwa na orodha ya walichokifanya. Soko jipya huonekana na hupigika picha. Mtaro usiofurika hauonekani, kwa sababu mafanikio yake ni kwamba hakuna kilichotokea. Mwanasiasa anayeiruhusu barabara ya changarawe ife kwa miaka mitatu, kisha akaichonga upya miezi sita kabla ya uchaguzi, husifiwa kuliko yule aliyeitunza kila mwaka. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nasi wapiga kura tumekuwa wepesi wa kumsifu mgema huyo.

Sababu ya pili imo ndani ya sheria. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 huzitaka kaunti zitumie angalau asilimia 30 ya bajeti katika maendeleo, zikipimwa kwa kipindi cha kadiri. Nia ya sheria hiyo ni njema, kwani bila kizuizi fedha zote zingeliishia katika mishahara, safari na marupurupu. Lakini tazama namna vitabu vya bajeti vinavyogawanya mafungu. Matengenezo ya kila siku ya majengo na vifaa huwekwa katika matumizi ya kawaida, kapu moja na chai ya ofisini na mafuta ya gari la mkubwa. Bajeti inapobanwa, kapu hilo ndilo la kwanza kupunguzwa, na ndani ya kapu hilo mshahara haupunguziki ila matengenezo hupunguzika. Hivyo sheria iliyokusudiwa kuzuia ubadhirifu humpa afisa sababu ya kisheria ya kujenga zahanati mpya badala ya kuezeka upya ile inayovuja.

Sababu ya tatu ni kutawanyika kwa wajibu. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliunda mamlaka tatu za kitaifa: ya barabara kuu, ya barabara za mijini na ya barabara za mashambani. Baada ya 2013 kaunti nazo zikapata barabara zao. Mama anayeuza mboga kando ya shimo hana namna ya kujua shimo hilo ni la nani kati ya hao wanne. Akienda kwa kaunti huambiwa barabara ni ya mamlaka, akienda kwa mamlaka huambiwa mtaro ni wa kaunti. Wajibu wa wengi hugeuka kuwa wajibu wa hakuna.

Fedha za kutunza barabara zenyewe zimeingia katika mvutano huo. Tangu 1993 kila anayenunua petroli au dizeli hulipa ada ya matengenezo ya barabara. Mnamo Julai 2024 ada hiyo ilipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa kila lita. Kisha magavana na wabunge wakagombana, gombano lililoendelea hadi 2025, juu ya nani apewe shilingi bilioni 10.5 kutokana na ada hiyo. Mwaka 2025, serikali ya kitaifa iliziweka dhamana shilingi 7 kati ya zile 25 ili ipate mkopo wa kuwalipa wanakandarasi malimbikizo ya madeni. Yaani sehemu ya fedha ambazo mwananchi hutozwa kwa jina la kutunza barabara ilikwenda kufidia madeni ya wanakandarasi yaliyorundikana kwa miaka. Sisemi kwamba mwanakandarasi hakustahiki kulipwa. Nasema kwamba utunzaji, kama kawaida, ndio uliotoa kafara.

Gharama ya Kusahau

Huenda msomaji akadhani kwamba haya ni malalamiko ya watu wasioelewa uchumi. Takwimu hazisemi hivyo. Katika Ripoti ya Maendeleo ya Dunia ya mwaka 1994, Benki ya Dunia ilikadiria kwamba lau nchi za Afrika zingalitumia dola bilioni 12 kutunza barabara zake kwa wakati katika mwongo uliotangulia, zingaliokoa dola bilioni 45 za kuzijenga upya. Hiyo ndiyo methali yetu ya ufa na ukuta, safari hii ikiwa na tarakimu.

Wahandisi hutuambia kwamba adui mkuu wa barabara ni maji. Nyasi zikiota mtaroni, udongo hunasa, na taka zikiongezewa juu yake maji hukosa njia. Yakikosa njia hukaa kando ya barabara na kupenya chini yake. Tabaka la chini hulainika, magari hupita juu, lami hupasuka, na mpasuko huwa shimo. Kinachoweza kuuzuia mfululizo huo ni mtu mmoja mwenye jembe, sepetu na panga aliyefika kabla ya mvua za masika. Asipofika, miaka michache baadaye tutahitaji greda, shindilio, malori ya kokoto na zabuni ya mamilioni.

Gharama nyingine haihesabiki kwa shilingi. Usiku wa kuamkia Aprili 29, 2024, maji yalishuka kwa kishindo karibu na Mai Mahiu katika Kaunti ya Nakuru, yakasomba nyumba na kuua makumi ya watu. Serikali ilieleza kwamba kivuko cha maji chini ya tuta la reli kilikuwa kimeziba kwa takataka za mafuriko, maji yakajikusanya nyuma yake hadi tuta likaachia. Kivuko hicho hakikuwa cha kaunti, na mvua za mwaka huo zilikuwa kubwa kupita kiasi. Hata hivyo tukio hilo linatufunza maana ya kuziba kwa njia moja ya maji. Katika mvua hizo hizo mitaa mingi ya Nairobi ilifurika, na waliopoteza zaidi ni wakazi wa mabondeni, Mathare miongoni mwao. Tajiri mtaro ukiziba huchafua magurudumu, maskini hulala nje.

Tuliwahi Kujua Namna

Jambo la kusikitisha ni kwamba nchi hii iliwahi kuifahamu dawa. Mwaka 1974 ilianzishwa programu ya barabara za mashambani iliyotegemea nguvu za watu kuliko mitambo. Barabara zilijengwa kwa majembe, sururu na wilbaro, na vijana wa maeneo yale yale ndio walioajiriwa. Ubora wake mkubwa ulidhihirika baada ya ujenzi. Mtu mmoja aliyeishi kando ya barabara, mara nyingi akiwa miongoni mwa walioijenga, alipewa kandarasi ya kutunza kipande cha takriban kilomita moja hadi mbili. Alifanya kazi siku chache kwa wiki na kuendelea na shamba lake siku nyingine. Alifyeka nyasi, akazibua mitaro na kalvati, akajaza mashimo yangali madogo. Alilipwa baada ya msimamizi kukikagua kipande chake.

Tafakari uzuri wa utaratibu huo. Barabara ilikuwa na mwenyewe. Kipande kikiharibika, kila mwanakijiji alijua aulizwe nani. Fedha zilibakia kijijini, zikanunua sukari katika duka la kijiji na kulipia karo shule ya kijiji. Hapakuwa na haja ya kungojea greda kutoka makao makuu ya wilaya, ambayo ikifika leo husubiri dereva na kesho husubiri dizeli. Utaratibu huo ulififia kadiri mitambo, zabuni kubwa na wanakandarasi wa mbali walivyochukua nafasi yake.

Katika enzi ya ugatuzi, Kaunti ya Makueni imetupa mfano wa namna nyingine. Chini ya gavana wake wa kwanza, Kivutha Kibwana, aliyeongoza kutoka 2013 hadi 2022, wakazi walichagua kamati za kusimamia miradi, na malipo ya mwanakandarasi yakawa yanahitaji sahihi ya kamati hiyo. Mtu aliyetia sahihi kwamba kazi imefanywa vyema hulitazama tangi la maji kwa jicho jingine. Linapovuja huona aibu kana kwamba ni nyumba yake ivujayo. Makueni si kaunti tajiri, na mvua zake ni haba. Kama yeye aliweza, wenye mito na mahoteli wana udhuru gani?

Lugha na Wajibu

Sasa nije katika uwanja wetu sisi wanafunzi wa Kiswahili, maana nalo lina mchango katika maradhi haya. Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Sheria za fedha zinazitaka kaunti ziandae mpango wa maendeleo wa mwaka kufikia Septemba 1, mwongozo wa sera ya fedha kufikia Februari 28 na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, na umma ushirikishwe. Lakini nyaraka hizo kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha wahasibu. Siku ya kikao afisa huieleza karatasi kwa Kiswahili cha mdomo kwa dakika chache. Mwananchi hurudi nyumbani na maneno, karatasi ikabaki na afisa. Mwaka ukiisha na kalvati haijazibuliwa, mwananchi hana andiko analoweza kulinyoshea kidole.

Fauka ya hayo, msamiati wetu wenyewe umeegemea upande wa ujenzi. Kila kitu cha umma tunakiita mradi, nao mradi una mwanzo na mwisho. Ukishazinduliwa hutoka katika orodha ya miradi, na hapo hukosa jina. Kitu kisicho na jina hakiwezi kupewa fungu. Neno kuzindua lenyewe lina maana ya kumwamsha aliyelala. Tumewaamsha watoto wengi, hatukuuliza ni nani atakayewalea.

Aidha tunayachanganya maneno matatu yaliyo tofauti. Ukarabati, kwa jinsi linavyotumika katika hotuba na magazeti yetu, ni kukirudisha kitu kilichokwisha kuchakaa. Ukarabati una zabuni na sherehe zake, na kwa hivyo wanasiasa wanaupenda. Matengenezo ni kushughulikia kilichoharibika. Utunzaji ni kazi ya kila siku inayofanya kitu kisiharibike. Neno hili la tatu ndilo lisilosikika katika hotuba za bajeti. Napendekeza tulishikilie na kulidai. Wazee hawakusema kikarabati kikutunze. Walisema kitunze kikutunze.

Pingamizi

Wapo watakaosema kwamba kaunti hazina fedha, kwamba mgao wa Hazina ya Kitaifa huchelewa na madeni ni mengi. Ni kweli, migao imechelewa mara kwa mara na magavana wamelalamika kwa haki. Lakini udhuru huu ungekuwa na nguvu kama kaunti zingeliacha kuanzisha miradi mipya zinapopungukiwa. Haziachi. Aidha, fedha zikiwa haba ndipo utunzaji hufaa zaidi, kwa kuwa ndio wenye gharama ndogo. Maskini ndiye asiyemudu kununua viatu kila mwezi, hivyo ndiye anayepaswa kuvishona mapema.

Wapo pia watakaosema kwamba wananchi ndio waharibifu. Wao ndio wanaotupa taka mitaroni, wao ndio wanaoiba mifuniko ya chuma na nyaya za taa wakauze kwa wachuuzi wa vyuma vikuukuu. Hilo nalo halikanushiki. Mnamo Januari 2022 uharibifu wa mitambo ya umeme ulifikia kiwango cha serikali kupiga marufuku biashara ya vyuma vikuukuu kwa muda. Sisi wananchi tuna doa. Walakini tujiulize: mtu hutupa taka wapi mahali ambapo gari la taka halijapita kwa mwezi mzima? Na mfuniko ulioibiwa mwaka juzi ukiachwa bila kurudishwa, jirani atapata wapi ari ya kuulinda uliobaki? Mali inayoonekana kutunzwa hulindwa, na mali iliyotelekezwa hukaribisha mkono wa mwizi.

Mapendekezo na Hitimisho

Kwa kuzingatia yote yaliyotangulia, yapo mambo manne ambayo kila serikali ya kaunti inaweza kuyatenda bila kubadilisha Katiba. Mosi, iandae daftari la mali ya umma kwa kila wadi, kwa Kiswahili, likionyesha barabara, kalvati, mitaro, taa, visima, vyoo vya masoko na zahanati, pamoja na hali ya kila kimoja na ofisi inayowajibika. Nakala ibandikwe katika ofisi ya wadi na sokoni. Pili, bunge la kaunti likatae kuidhinisha jengo jipya lolote lisiloambatana na makadirio ya gharama ya kulitunza kila mwaka na jina la idara itakayolipa. Tatu, kila wadi iwe na watunzaji wa barabara na mitaro waishio hapo hapo, wenye kandarasi ndogo ndogo za vipande vinavyojulikana, kwa mfano wa ule mpango wa 1974. Vijana wetu wasio na ajira ni wengi, na kazi hii haihitaji mtambo. Nne, kila mwaka, kabla ya kusoma orodha ya miradi mipya, gavana aeleze bunge la kaunti ni vitu vingapi kati ya vilivyokuwapo mwaka uliopita vingali vinafanya kazi.

Zaidi ya hayo, Bunge la Taifa na Seneti wanapaswa kuitazama upya ile kanuni ya asilimia 30. Utunzaji wa barabara au zahanati uhesabiwe kuwa maendeleo, kwani kuzuia kubomoka ni maendeleo sawa na kujenga. Kanuni hiyo ikibakia kama ilivyo, tutaendelea kumtuza anayejenga ukuta na kumnyima anayeziba ufa.

Nasi wanachama wa chama hiki tuna sehemu yetu. Tumezoea kulalamika kwamba Kiswahili hakipewi hadhi ofisini, nasi tunakitumia kuandika barua za mapenzi na uchambuzi wa riwaya. Kila mmoja wetu ana wadi anakotoka. Kabla ya Aprili 30, makadirio ya bajeti yanapowasilishwa, atafute sehemu ya bajeti inayoihusu wadi yake, kwa kuwa Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Aitafsiri kwa Kiswahili kinachoeleweka na mzee wa kijiji na mama wa sokoni, aisome kikaoni, kisha amwulize mwakilishi wadi swali moja: kati ya vitu tulivyo navyo tayari, ni vipi mlivyovitengea fedha za kuvitunza mwaka huu, na ni kiasi gani? Jibu liandikwe katika kumbukumbu za kikao, ili mwaka ujao tulisome tena mbele ya wote.